Sanduku la maoni na karatasi tatu

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni muuguzi, na tangu mwaka jana ndiye msimamizi wa kituo cha afya cha serikali upande wa Kisauni, Mombasa. Kila robo mwaka natakiwa kupeleka ripoti ya maoni ya wagonjwa. Sanduku la maoni tunalo. Mwezi uliopita tulilifungua mbele ya kamati tukakuta karatasi tatu: risiti ya duka, dua ya kunitakia heri, na moja iliyoandikwa kwa penseli kwamba choo cha wanawake hakina komeo. Nikiitisha mkutano wanakuja wale wale, wanakunywa soda, wanachukua nauli, wanasema kila kitu kiko sawa. Lakini nikipanda matatu kwenda mjini nawasikia watu wakikitukana kituo changu, hawajui kwamba mimi ndiye. Nitawasikiaje kikweli?"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali lako umelijibu mwenyewe kwa lile neno la matatu, ila umelipita haraka. Watu wako hawajanyamaza. Wanasema, tena kwa sauti: ndani ya matatu, kwenye foleni ya mkokoteni wa maji, kwa mama wa mahamri asubuhi, kwa msusi jioni. Wanasema kila mahali isipokuwa kwako. Swali lililobaki ni kwa nini wewe wanakuruka.

Mimi nimekaa ofisi za umma za mji huu miaka ishirini na ushei, kwanza kwenye maji, kisha kwenye afya, na ninavyoona mimi una deni. Kila mtu aliyewahi kukwambia jambo, wewe au aliyekutangulia, kisha akaondoka asirudishiwe jawabu, anakudai. Na mdai aliyekata tamaa habishi tena hodi. Anapita ng'ambo ya barabara akikusengenya. Mikutano, masanduku, namba za simu, zote hizo ni njia za kukopa maneno mapya kwa watu ambao ya zamani hujawalipa. Ndiyo maana karatasi zilikuwa tatu, na mimi nashangaa zilifika tatu.

Nianze na aibu yangu, ili usidhani nakuhubiria.

Zamani, nikiwa katika ofisi moja ya maji, mgao ulikuwa mkali. Wajua Mombasa maji yake mengi ni ya kutoka mbali: Mzima kule Taita Taveta, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere milima ya Shimba, Tiwi. Bomba likipasuka huko, huku watu wanatembea na mitungi. Tukatoa ratiba, tukaibandika hadi kwenye milango ya misikiti. Mtaa mmoja tuliuandikia: "Maji yatafunguliwa usiku wa Ijumaa." Wiki tatu nzima malalamiko yakawa yale yale, maji hayaji. Vijana wetu wa vali wakaapa kwamba wanafungua. Nami nikaandika kwenye ripoti kwamba wakazi wa mtaa ule ni wagumu kuridhika. Sentensi hiyo naikumbuka hadi leo, na koma zake.

Siku moja nikaenda mwenyewe, bila gari la ofisi. Kwenye kibaraza cha nyumba moja nikamkuta mama wa makamo anakaanga viazi karai. Nyuma yake mitungi tisa ya lita 20, mitupu, imepitishwa kamba moja vipinini kama samaki wa kuuza. Nikamuuliza, mama, kwani usiku wa Ijumaa huwa mnafanyaje? Akanijibu bila kuinua macho kwenye karai: "Tunakesha, mwanangu. Alhamisi tukishaswali isha hatulali, tunausikiliza mfereji mpaka alfajiri."

Nikaelewa pale pale. Kwetu siku huanza magharibi. Usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, ambao kalenda ya ofisini inauita Alhamisi usiku. Sisi tulikuwa tukifungua Ijumaa usiku. Mtaa mzima ulikuwa ukikesha usiku usio wake, na maji yalipokuja kesho yake watu wamelala hoi kwa usingizi wa jana. Na mimi ni Mswahili, nimezaliwa Kibokoni, nimeisema "usiku wa Ijumaa" tangu chuoni kwa maalimu. Nilipoajiriwa nikaiacha lugha yangu getini.

Sasa tazama. Fomu gani ingeniletea habari hiyo? Fomu zetu ziliuliza: "Je, umeridhika na huduma ya maji? Ndiyo, hapana, kiasi." Kilicholeta habari ni kuuliza watu wanafanyaje. Kwa hivyo wewe nawe usimuulize mgonjwa kama ameridhika. Mtu wa pwani ukimuuliza hivyo atakwambia alhamdulillahi, hata kama amedungwa sindano na mtu anayezungumza na simu. Muulize leo ametoka nyumbani saa ngapi. Alipofika nani alimsemesha kwanza, na alimwambia nini. Alikaa wapi, alisimama kwa muda gani. Kuna mahali alitoa pesa? Anarudi nyumbani amebeba nini, na alichoandikiwa asipate atakitafuta wapi? Hayo ni mambo yaliyotukia, hayamtii mtu haya kuyasema, na lawama ikiwemo itajitokeza yenyewe bila yeye kukulaumu usoni.

Mkutano wako wa soda nao una hadithi yake. Neno baraza tumelipindua. Baraza asili yake ni lile sakafu la mawe mbele ya nyumba, ukipita Mji wa Kale utaliona mpaka leo. Mwenye nyumba na mpita njia wanakaa kimo kimoja, kahawa chungu inazunguka, anayetaka kusema anasema, anayetaka kunyamaza anachezea tasbihi yake. Serikali ikalichukua neno, ikalipa meza kuu, ikawapa wakubwa hema na wananchi jua. Tangu hapo baraza ni mahali pa kuambiwa. Wewe ukiita watu saa nne asubuhi siku ya kazi, ukumbini, ukasimama mbele na koti jeupe, watakuja wenye nafasi na wenye kazi ya kuhudhuria mikutano. Mama anayeuza mboga Kongowea, aliyeamka saa tisa ya usiku, hayumo. Kijana wa bodaboda hayumo. Mwenye mtoto mlemavu hayumo. Halafu unaandika "wananchi walishirikishwa."

Na nauli usiwalaumu nayo. Mtu akiacha kibarua chake kuja kukusaidia ripoti yako, mia mbili zake ni halali. Ila bora wewe ndiye uende kwao, hapo hutalipa nauli ya mtu. Vyama vya kina mama vina siku zao za kukutana, maskani ya vijana hayana siku, wazee wapo msikitini baada ya lasiri. Omba ruhusa, kaa ulipoonyeshwa, sema kidogo. Mara ya kwanza hutaambiwa kitu cha maana. Mara ya pili utaulizwa kuhusu dawa. Mara ya tatu, ukiwa umerudisha jawabu la ile ya pili, ndipo yatakuja yale yanayosemwa ndani ya matatu.

Kuna jambo zito zaidi ya nauli, nalo ni woga. Mgonjwa si mteja wa duka la simu. Anayekulalamikia leo anajua kwamba mtoto akishikwa na homa usiku atamleta hapo hapo, kwa muuguzi yule yule aliyemshtaki. Nilipokuwa kwenye afya, mama mmoja aliniambia waziwazi: "Nikimsema, kesho nani atampokea mwanangu?" Sikuwa na jawabu, na sanduku halina jawabu la swali hilo. Lako, wacha nikisie, limetundikwa kati ya mlango wako na meza ya askari, halina kalamu wala karatasi, na ufunguo uko kwenye droo yako. Mama amefunga mtoto mgongoni kwa leso, mkono mmoja kitabu cha kliniki, mkono wa pili kikombe cha dawa. Aazime kalamu kwa karani, aandike kwamba karani ana ulimi mchafu, amrudishie kalamu yake?

Lihamishe hilo sanduku. Ufunguo wape wanakamati wawili ambao si wafanyakazi wako. Ila usilitegemee kwa mambo mazito. Kwa hayo tafuta mtu wa kati. Wahudumu wa afya wa jamii kila mmoja ana nyumba zake kama mia moja hivi, wanakaribishwa mpaka jikoni, wanajua nani hataki tena kuja kituoni na kwa nini. Wengi wao hupeleka takwimu za chanjo na vyoo kila mwezi, na sijaona fomu yao yenye nafasi ya "nimesikia nini." Wewe ifungue nafasi hiyo kwa mdomo: dakika kumi mwishoni mwa mkutano wao wa mwezi, hakuna majina, hakuna kuandika nani kasema, jambo tu.

Waswahili wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Foleni yako umeilalia lini? Najua, kituoni kwako unajulikana, ukikaa benchi watu watakuinukia. Basi fanya kama tulivyofanya na mwenzangu mmoja: msimamizi wa kituo cha Likoni aje kwako siku ya kliniki ya watoto, na leso yake, saa kumi na mbili asubuhi, asijulikane na yeyote, nawe uende kwake. Mkutane jioni mpeane habari. Mwenzangu aliniambia kwamba mlangoni kwangu watu waliulizwa kadi ya bima kabla ya kuulizwa wanaumwa nini, na kwamba askari wangu alikuwa ndiye daktari wa kwanza: yeye ndiye aliyeamua nani aingie haraka na nani asubiri. Sikuwa najua. Yule askari ukimuuliza alikuwa na sababu zake nzuri tu, hakuna mwingine aliyekuwa akiifanya kazi hiyo.

Na hapo kuna jambo viongozi wengi hawataki kulisikia. Muuguzi aliyecheleweshewa mshahara, asiyesikilizwa na kaunti wala na wewe, hatamsikiliza mama wa Mtopanga. Anza na mfagiaji na karani wa rejista. Wao ndio wanaotukanwa mchana kutwa kwa makosa yasiyo yao, na wanajua kila kitu.

Ukitaka njia yenye mpangilio, ipo ile ya kadi ya alama, iliyoanzia Malawi mwaka 2002 kwa shirika la CARE. Watumiaji wanakaa peke yao, wanawake mbali na wanaume, wanakipa kituo alama na kusema sababu. Wafanyakazi nao wanakaa peke yao wanajipa alama. Kisha pande mbili zinakutana, kila mtu ana karatasi yake, wanakubaliana nini kifanywe, na nani, kwa tarehe gani. Uzuri wake ni ile tofauti ya alama. Wafanyakazi wakijipa nne kwa lugha nzuri na kina mama wakawapa moja, hapo hapahitaji hotuba. Uganda walichukua zahanati 50, nusu yake wakajaribu mikutano ya namna hii, na utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ukaonyesha vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vimepungua kwa asilimia 33 ndani ya mwaka mmoja. Watu wengi wanaitaja hiyo wanaishia hapo. Baadaye ulifanywa utafiti mwingine mkubwa zaidi, huko huko Uganda, na upungufu huo wa vifo haukuonekana, ingawa matibabu yaliboreka kidogo na wagonjwa waliridhika zaidi. Kwa hivyo itumie kadi, ila usiifanye hirizi. Na ikija na fulana na bango la mfadhili, jua itaondoka naye.

Ripoti yako ya robo mwaka ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko sanduku. Ripoti inaweza kuwa safi na kituo kikawa kinaoza. Uingereza kulikuwa na hospitali ya mji wa Stafford. Kati ya 2005 na 2009 wagonjwa waliachwa bila maji ya kunywa, wengine walilala kwenye mashuka machafu, na jamaa zao walipiga kelele. Bodi ilikuwa imeshughulika na hesabu za fedha na kupandishwa daraja, na mwaka 2008 daraja wakapewa. Uchunguzi wa wakili Robert Francis ulipotoka mwaka 2013 ulikuwa na mapendekezo 290, na moja ya hoja zake kubwa ni kwamba wakubwa hawakuwasikiliza wagonjwa na jamaa zao. Na hayo ni kule kwenye fedha na mitambo yote. Waliosema kweli mapema ni binti za wagonjwa waliokuwa wakikaa kando ya vitanda.

Kwa hiyo kwenye ripoti yako acha ile asilimia ya walioridhika, au iweke chini kabisa. Juu andika mambo manne au matano uliyoambiwa, kwa maneno yao, kisha mbele ya kila moja: limefanywa, halijafanywa, haliwezekani na kwa nini. Bosi wako atakununia mara ya kwanza. Mkumbushe kwa adabu kwamba kifungu cha 232 cha Katiba kinataka huduma za haraka zinazoitikia mahitaji ya watu, kinataka watu washirikishwe katika kutunga sera, na wapewe habari sahihi kwa wakati. Na mwananchi akiomba habari kwa maandishi, sheria ya mwaka 2016 inakupa siku 21 tu kumjibu. Usipomjibu anaweza kwenda kwa Ombudsman, ile tume inayopokea malalamiko ya wananchi juu ya ofisi za umma. Sikutishi, nakwambia uongo wa ripoti siku hizi una pa kushtakiwa.

Utaniuliza: na yale nisiyoyaweza? Dawa hazijaletwa, mimi sizitengenezi. Kweli. Lakini hasira ya dawa niliichunguza sana, na mara nyingi haikuwa ya dawa kukosekana. Ilikuwa ya kuambiwa saa saba mchana kile ambacho chumba cha dawa cha kituo kilikijua saa mbili asubuhi. Mtu ameacha biashara, amekaa saa tano, anafika dirishani anaambiwa hakuna, kanunue. Nunua ubao mweusi, uweke getini. Kila asubuhi kabla ya foleni kuanza, andika kwa Kiswahili kinachosomeka: leo hatuna dawa hii na hii, mwenye kuihitaji amuone fulani chumba namba fulani atamwelekeza. Utaona wengine wanageuka kurudi makwao, na utaona vibaya. Lakini umewapa siku yao. Na ukiwa hapo, utazame ule mkataba wa huduma, orodha ya huduma na muda wa kuzingoja, uliotundikwa mapokezi kwenye fremu ya kioo. Wengi wetu tuliutundika kwa Kiingereza. Uandike upya kwa lugha ya watu wako, na palipoandikwa "dakika thelathini" kama ni saa tatu, andika saa tatu.

Kundi la WhatsApp nalo utashauriwa. Ukipenda. Langu lilijaa picha za maua za asubuhi njema na wanasiasa wawili, na wale niliowataka hawana bando.

Sasa ile karatasi ya penseli. Mwanangu, hiyo ndiyo mali yako yote kwa sasa. Mwanamke aliingia chooni mjamzito labda, akashika mlango kwa mkono mmoja, akatoka akatafuta penseli. Kwenye swali lako hukutaja hata kama umelitia komeo hilo. Kalitie Jumatatu, usisubiri kikao cha kamati. Kisha chukua ile karatasi yake yenyewe, funika kama kuna jina, ibandike kwenye mlango wa choo hicho kwa ndani, na chini yake andika kwa mkono wako: "Tumesoma. Komeo limetiwa," na tarehe. Ukishindwa kulipata Jumatatu andika hivyo pia, na siku utakayolitia. Wanawake watalisoma wakiwa wamekaa, hakuna anayewatazama, na wakitoka watalisimulia kwenye matatu.

Dua iliyokuwa sandukuni itikie amina. Risiti irudishe kwa mwenye duka, huenda kuna mtu anaitafuta.